Fahamu: Kwa nini bunduki moja ya peintiboli huaminika kuliko nyingine

Peintiboli, iliyochezwa mara ya kwanza New Hampshire, Marekani, mwaka 1981 kwa bastola za kutia alama miti na mifugo, hutumia bunduki inayorusha vidonge vya rangi vyenye kipenyo cha milimita 17 hivi kwa nguvu ya gesi. Bunduki za kimakanika, mfano Tippmann 98, hutumia sehemu ya gesi hiyo kurudisha nyundo nyuma baada ya kila mfyatuo, nazo huvumilia tope na kuangushwa. Za kielektroniki, ambazo vali yake huendeshwa na betri, hufyatua upesi zaidi na kwa shinikizo dogo lisilopasua vidonge ovyo, lakini betri ikiisha hunyamaza kabisa.

Hata hivyo, lawama nyingi zinazotupiwa bunduki huistahili gesi: kaboni dayoksaidi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na inapogeuka gesi hufyonza joto, hivyo mchezaji akifyatua mfululizo mtungi huingia baridi, shinikizo hushuka na vidonge huanguka kabla ya kufika. Hewa iliyoshindiliwa, ikipitia kidhibiti kizuri, hutoa kasi isiyoyumba, na viwanja vingi huiwekea kikomo cha takriban mita 90 kwa sekunde.