Fundi wa Nguo Aliona Kabla Yetu: Ukweli Kuhusu Mgongo Uliopinda

Leo sina stori ya muziki. Nina stori ya mgongo.

Binamu yangu alikuwa na miaka 14 fundi mmoja hapa Kapsoit alipompima sare akasema, "Huyu bega lake la kulia liko juu." Tukacheka. Tukasema ni kikapu cha majani chai. Miaka miwili baadaye, eksirei ikaonyesha uti wa mgongo umepinda nyuzi 52.

Hiyo inaitwa skoliosisi. Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha, lakini nimesoma hadi macho yakauma. Skiza.

Si kikapu, si begi la vitabu, na si laana. Kwa vijana wengi chanzo hakijulikani, ingawa mara nyingi hufuata ukoo. Hata Usain Bolt anayo, na bado alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

Kinachoamua matibabu ni nyuzi na umri. Chini ya nyuzi 25, daktari anafuatilia tu. Kati ya 25 na 45, kama mtoto bado anakua, anavaa mshipi mgumu wa plastiki. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013 ulionyesha asilimia 72 ya waliotibiwa kwa mshipi hawakufika nyuzi 50, dhidi ya 48 ya wasiovaa. Ukishapita hapo, mazungumzo yanakuwa ya kisu.

Shangazi ana swali moja tu: "Ataamka akitembea?"

Swali halali kabisa. Daktari hupasua mgongoni, akatia skrubu kwenye pingili, akapitisha vyuma viwili na kunyoosha polepole. Kisha huweka vipande vya mfupa ili pingili hizo ziungane ziwe kitu kimoja. Paul Harrington ndiye aliyeanzisha mambo ya vyuma huko Houston miaka ya 1950, akitibu watoto wa polio. Vyuma vyake vilishikwa na ndoano, na mgonjwa alikaa na plasta miezi kadhaa. Siku hizi skrubu zinashika vizuri zaidi, na wengi husimama baada ya siku chache.

Kupooza kunaweza kutokea, lakini ni nadra. Mashine husikiliza neva wakati wote wa operesheni. Isipokuwepo, mgonjwa anaweza kuamshwa kidogo katikati ya kazi na kuambiwa achezeshe vidole vya miguu. Gharama nyingine ni kwamba sehemu iliyoungana haitainama tena.

Kuna mbinu mpya ya kutumia kamba badala ya vyuma, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Lakini nayo inataka mtoto ambaye bado anakua. Umeona? Kila njia nyepesi ina saa yake, na sisi tuliipoteza tukicheka.

Kwa hivyo leo jioni, mwambie mdogo wako aunganishe miguu na ainame kama anayegusa vidole vya miguu. Simama nyuma yake. Upande mmoja ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke akapigwe eksirei Kericho mjini. Wataalamu wa mifupa wako Tenwek kule Bomet, na pia Kijabe na Kenyatta.

Na fundi akikuambia kitu, buda, msikilize.