Kombe la CECAFA la wanawake: soko la Unguja lisilo na msimu

Kombe la wanawake la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, ndilo shindano rasmi la mataifa ambalo timu ya wanawake ya Zanzibar, Zanzibar Queens, huliingia kwa jina na bendera yake. Katika kufuzu Kombe la Dunia au Kombe la Mataifa ya Afrika, binti wa Kizanzibari hana mlango mwingine ila Twiga Stars, timu ya Tanzania. Kwa hiyo riziki yoyote ambayo soka la timu za taifa za wanawake linaweza kuileta Unguja, iwe ya jezi za maduka ya Mchangani, ya vitanda vya nyumba za wageni za Malindi au ya mishikaki inayochomwa nje ya Uwanja wa Amaan, imefungwa kwenye kombe moja. Na kombe hilo halina ratiba ya kuaminika.

Lilichezwa mara ya kwanza mwaka 1986, kisha likalala miaka 30. Zanzibar ilipangiwa kuwa mwenyeji mwaka 2007, mashindano yakafutwa. Lilifufuka Jinja, Uganda, mwaka 2016, Tanzania ilipoifunga Kenya 2-1 katika fainali. Mwaka 2018 likachezwa Kigali na Tanzania ikalitetea. Mwaka 2019 lilikuja Dar es Salaam, Kenya ikawalaza wenyeji 2-0. Mwaka 2022 likarudi Uganda, mjini Njeru, na wenyeji wakaichapa Burundi 3-1. Mwaka 2025 likarudi Dar es Salaam na Tanzania ikalitwaa tena. Tangu lifufuke, pengo la kwanza ni miaka miwili, la pili mmoja, la tatu na la nne mitatu mitatu.

Muuza jezi wa Mchangani anastahili kusikilizwa kwa kirefu, kwa kuwa yeye ndiye anayetanguliza fedha zake kabla ya mtu yeyote. Mzigo wake hutoka Kariakoo, Dar es Salaam, hupanda boti, hushushwa bandarini Malindi na kuingia mjini kwa gari la kukokota. Jezi za klabu za Ulaya na za vigogo wa Dar es Salaam anazimudu kwa sababu zina msimu: anajua mpya inatoka lini na ya zamani aishushe bei lini. Ya Zanzibar Queens haina msimu. Akiagiza mapema, timu huenda isishiriki kabisa. Kigali mwaka 2018 zilicheza nchi tano na Zanzibar haikuwamo. Akisubiri ratiba itangazwe, mzigo unafika wakati mechi za makundi zimeshakwisha, na siku hizo chache ndizo zenye wateja.

Kisha kuna suala la saizi, ambalo maofisini halitajwi. Jezi nyingi zinazoshuka Malindi zimekatwa kwa mabega ya mwanamume. Msichana wa skuli anayeitaka huchukua ndogo kuliko zote, anaijaribu juu ya nguo zake mbele ya kioo cha duka, mikono inampita viwiko na shingo inampwaya. Wengine huirudisha kwenye msumari ilikotundikwa. Muuzaji hana saizi nyingine ya kumpa, na kuiagiza maalumu kunahitaji idadi ambayo soko lake haliwezi kumhakikishia. Matokeo uwanjani nayo hayamsaidii: Jinja mwaka 2016, Kenya iliifunga Zanzibar zaidi ya mabao 10 katika mchezo mmoja. Shabiki aliyekuwa na hamu ya jezi siku ya kuamkia mechi hana hamu hiyo siku ya pili.

Upande wa serikali, jibu la kawaida ni utalii wa michezo. Hapo hutajwa takwimu ile ile: utalii unachangia karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar na karibu asilimia 80 ya fedha zake za kigeni. Takwimu hiyo inatajwa sana, lakini haisemi lolote kuhusu mpira. Ni ya fukwe za Nungwi na Paje, ya mashamba ya viungo na ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Mwaka 2024 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 736,000, yaani kama 2,000 kwa siku. Timu nane za taifa zikija Unguja, kila moja na msafara wa watu 30, ni wageni 240, karibu moja ya nane ya wanaoingia kwa siku moja. Kuziweka hesabu hizo mbili kwenye hotuba moja ni kulipatia soka la wanawake sifa ambayo bado halijaipata, na kuwaficha wafanyabiashara ukubwa halisi wa soko lao.

Hata hivyo, wageni hao 240 si sawa na wageni wengine. Mtalii wa ufukweni hushuka uwanja wa ndege, hupelekwa moja kwa moja kaskazini au mashariki ya kisiwa, na mara nyingi chakula chake ameshakilipia kwao. Timu hulala mjini, hula wali na samaki mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja na zaidi, hukodi basi, hufua nguo kila siku, na jioni hutembezwa bustani ya Forodhani. Fedha hiyo, ingawa ndogo, hupita mikono mingi ya wenyeji. Tatizo ni wakati. Mashindano matano yaliyochezwa tangu 2016 yote yaliangukia kati ya Juni na Novemba, na Juni hadi Agosti ndio msimu ambao vitanda vya Mji Mkongwe vinajaa bila msaada wa mpira. Hakuna hata moja lililochezwa masika, Aprili na Mei, wakati nyumba za wageni ziko tupu na wenyewe wangepokea timu kwa bei yoyote ya haki.

Kuhusu fedha kubwa za soka, Unguja imekaa nje ya ukumbi. Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, na Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi huru. FIFA haiitambui kama mwanachama. Mpango wa maendeleo wa FIFA wa 2023 hadi 2026 unampa kila mwanachama hadi dola milioni 8, na bingwa wa Afrika wa wanawake sasa huzawadiwa dola milioni 1. Hakuna hata senti ya mafungu hayo inayoweza kuandikiwa Zanzibar moja kwa moja. Inayofika, inafika kwa kupitia Dar es Salaam. Ni udhaifu wa kimuundo, na hakuna hamasa ya soko inayoweza kuuziba.

Uwanja upo. Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulikarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023, na Agosti 2025 ulipokea mechi za mashindano ya Afrika ya wanaume ya CHAN. Wauza karanga, juisi ya miwa na mihogo ya kukaanga wameshajua geti lipi hutoa watu wengi. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, na huenda mvuto wake ukayafaa mashindano ya wanawake. Huenda pia ukayameza, kwani mdhamini mwenye mfuko mmoja hatii fedha mara mbili.

Anayefanya biashara hii bila hasara ni fundi cherehani. Tangu sheria za mpira ziliporuhusu hijabu uwanjani mwaka 2014, timu za wasichana zinahitaji vazi la kichwa lenye kitambaa cha kuvutika, lisilo na pini, lisilovuka mabega, pamoja na fulana ya mikono mirefu ya kuvaliwa chini ya jezi. Fundi hupima kichwa kwa futi ya kitambaa, huchukua nusu ya malipo kwanza, na hakati kitambaa mpaka ratiba iwe imetoka.