Mama anazuiliwa maternite: kikapu cha mavuno kinaweza kumtoa

Habari hii hakuna kati yetu asiyeijua. Mama amepasuliwa ili mtoto atoke. Mtoto mzima, mama mzima, jamaa wanamshukuru Mungu. Siku ya kurudi nyumbani inafika, na faktire inafika pamoja nayo. Bwana hana pesa. Basi mama anabaki. Kitanda chake anapewa mgonjwa mwingine, yeye analala chini kwenye mkeka pamoja na kitoto chake cha wiki mbili, na mlinzi wa mlangoni amekwisha kumjua kwa uso. Nyumbani watoto wengine wanapikiwa na dada yao wa miaka tisa. Si gereza, lakini hatoki.

Tunaleta jambo hili juma hili kwa sababu parokia zetu za Anglikana zinajiandaa kupokea mavuno, na baada ya mnada Umoja wa Mama utaulizwa: pesa hizi zifanye nini? Wengine watataja mabenchi, wengine rangi ya ukuta, wengine viti vya wageni. Sisi tunaomba sehemu moja itengwe kwanza, kabla ya benchi lolote, kwa mama aliyezuiliwa maternite.

Si wazo geni. Umoja wa Mama wenyewe ulitokana na uzazi. Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, mke wa mchungaji aitwaye Mary Sumner alipata mjukuu. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa siku alipopakata mtoto wake wa kwanza bila kujua la kufanya. Akawaita wamama wa parokia nyumbani kwake, matajiri kwa maskini. Walipofika haya ilimshika, hakuweza kusema neno, akawaomba warudi juma linalofuata. Wakarudi. Kutoka kikao hicho kikaenea chama ambacho leo kiko katika nchi nyingi za dunia, na kwetu Congo kimefika mpaka parokia za msituni.

Na huku kwetu, kanisa lilianza na swali la chakula. Walimu wa kwanza waliotoka Uganda kuja Boga walinyimwa chakula na chifu Tabaro, njaa ikawarudisha. Ndipo Apolo Kivebulaya akaja, mwaka 1896. Naye aliteswa, akapigwa, akafungwa, lakini alirudi, na yule chifu mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki tarehe 30 Mei 1933 na kaburi lake liko Boga. Wahubiri wetu wanapenda kusimulia habari za gereza na maono. Mimi nafikiria pia nani alikuwa akichimba muhogo na kubeba maji miaka yote ile.

Turudi kwenye mnada, maana ndipo pesa inapotoka. Ni njia nzuri kwa watu wasio na pesa, na wasichana wetu wajue kwa nini. Mjane hana franka mfukoni, lakini ana fungu la sombe. Mwingine ana maharagi kwenye beseni, mwingine ndizi, mwingine kuku aliyefungwa miguu anayelalamika wakati wote wa mahubiri. Vyote vinapita mbele ya madhabahu kama sadaka. Baada ya ibada vinatolewa nje, na hapo mwalimu, mfanyabiashara, mwenye pikipiki na mchimba dhahabu wanafungua mikoba. Mnadi anainua yai. Tuseme sokoni bei yake ni franka 500. Mtu analinunua kwa 1.000 na kulirudisha. Mwingine analichukua kwa 2.000, anampa mama mkwe wake mbele ya watu wote, mama mkwe anapiga vigelegele, naye analirudisha. Yai moja linaweza kuuzwa mara tano kabla ya kuona sufuria. Kicheko kinaleta pesa kuliko mahubiri marefu juu ya pesa.

Lakini kuna mambo mawili yanayoharibu. La kwanza ni mnadi anayeita watu kwa majina ili waone haya. Mtu huyo atanunua leo, na mwaka ujao siku ya mavuno atakuwa «safarini». La pili ni bei ya mdomo. Mtu anapaza sauti, watu wanapiga makofi, anaondoka na mbuzi, halafu anaanza kutafutwa. Mwezi wa tatu bado anatafutwa. Ahadi haimtoi mtu maternite. Mbuzi atoke pesa ikishawekwa mezani, hata kama mnunuzi ni shemeji wa mchungaji.

Kisha kuna matumizi yetu sisi wenyewe. Nitasema wazi, na anayetaka kukasirika akasirike. Tarehe 8 Machi tunanunua kikwembe cha siku ya wanawake. Tarehe 25 Machi ni siku ya Umoja wa Mama, siku malaika alipomletea Maria habari, na hapo tunataka kikwembe kingine. Siku ya kupokea wageni kuna soda, mchele na nyama. Sikatai furaha, na mgeni ni baraka. Lakini kama nusu ya mnada inaishia kwenye sahani za waliokuja kuuangalia mnada, yule mjane wa sombe amewalisha wenye suti.

Juu ya kutunza pesa sitasema mengi. Wamama walio katika AVEC au likelemba wanalijua sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwenye nyumba tatu. Kuhesabu kufanyike palepale, na wamama watatu wasio wa jamaa moja, kiasi kiandikwe katika kaye, kisha Jumapili inayofuata kisomwe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mahali ambapo watu wanaweza kukimbia usiku, msirundike pesa nyingi nyumbani kwa mtu. Pesa ikiwekwa katika simu ya mama mmoja, wengine wawili waone ujumbe wa kila mwezi.

Swali gumu ni hili: nani asaidiwe? Katika parokia nyingi, asiyefunga ndoa kanisani hapokelewi kuwa mshiriki kamili wa Umoja wa Mama. Sasa tazameni ni nani anayezuiliwa maternite mara nyingi. Ni msichana wa miaka kumi na saba ambaye aliyempa mimba amekwenda zake. Ni mama aliyekimbia vita, hana ndugu mjini. Ni mke wa mtu ambaye hajamaliza mahari, kwa hiyo ndoa ya kanisa haijafika. Hakuna hata mmoja wao aliye na kadi yetu. Kikao kikisema «tuanze na wa kwetu», mfuko utabaki umejaa na wao watabaki mkekani. Kanuni ya ndoa ina mahali pake. Mlango wa hospitali si mahali pake.

Mkiamua kwenda, nendeni wawili au watatu, na mchungaji au mama mchungaji pamoja nanyi. Ulizeni kwanza kama uzazi katika hospitali hiyo umo katika mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo, ule ulioanza Kinshasa mwaka 2023 kabla ya kupelekwa kwa majimbo mengine. Kama umo, kuna vitu ambavyo hamtakiwi kulipa. Kama haumo, ombeni faktire yenye kuonyesha kila kitu: upasuaji, dawa, kitanda, siku ngapi. Siku alizolala chini zisihesabiwe kama za kitanda. Semeni kwa upole. Muuguzi mliye mbele yake pengine naye hajalipwa, na hospitali nyingi zinaishi kwa faktire hizo hizo. Mara nyingi watakubali mlipe sehemu, na deni lililobaki liandikwe na kutiwa sahihi. Atakayetia sahihi awe bwana au jamaa yake, si Umoja wa Mama, ila parokia ijulishwe. Msitoke bila karatasi ya malipo.

Jina lake lisitangazwe kanisani. Katika kaye iandikwe «mama mmoja, maternite», na kiasi. Atakapotaka kushuhudia, atasimama mwenyewe.

Na msimwache mlangoni. Mmoja abebe mtoto, mwingine mfuko wake. Kabla hajafika, mtu awe amepita nyumbani kuona kama kuna unga, mafuta, sabuni na makala. Apatikane pia wa kulala naye usiku ule na wa kuchota maji juma zima, maana mshono haujapona, na mama aliyepasuliwa habebi bidoni ya litre ishirini.