Taa ikizimika, kelele bado ipo

Rundo la maswali limenifikia kuhusu micro:bit, ile bodi ndogo ya kujifunzia programu ambayo watoto huiwasha kwa kupiga makofi. Wengi wanauliza mbona yao haiwaki. Mzazi mmoja anataka kujua kama inaweza kumpima mwanawe masikio. Msomaji wa tatu, mwenye mashine ya kusaga nafaka, ananihakikishia kuwa masikio yake "yameshazoea" kelele na hayahitaji kupimwa na chochote. Huyo ndiye aliyeninyima usingizi.

La bodi ni fupi. Maikrofoni ilikuja na toleo la pili, lililotoka Novemba 2020. Ukinunua ya mkono wa pili, itazame usoni: pana kitundu kidogo cha maikrofoni karibu na nembo. Kama hakipo, utapiga makofi mpaka viganja viwake moto wewe. Programu yenyewe haina makuu: soma kiwango cha sauti, kikizidi 150, chora moyo kwa zile taa 25, kisipozidi, zima, rudia bila kikomo. Kiwango hicho ni namba kati ya 0 na 255, wala si desibeli. Kwa hiyo, mzazi, hapana. Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa masikio.

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliibadilisha 150 ikawa 220, akapiga makofi yaleyale. Giza. Akacheka: "Mjomba, imezoea!"

Habari yote ya mwenye mashine imo humo. Makofi hayakupungua, kizingiti ndicho kilichopanda. Ndani ya sikio, kila seli ya vinyweleo imebeba kichwani kishungi cha vijinywele vilivyopangwa kama ngazi, kifupi kimefungwa kwa kirefu na uzi mwembamba ajabu. Sauti ikikiinamisha kishungi, nyuzi zinakazika na kuvuta vilango vifunguke. Potasiamu inaingia kwa kasi, kwa sababu majimaji ya nje yana chaji ya takriban milivolti 80 juu ya sifuri na ndani ya seli ni chini ya sifuri. Hakuna kemikali inayosubiriwa. Uzi unavuta, mlango unafunguka, basi. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado inanishangaza.

Kelele kubwa huvichosha na kuvivuruga vishungi hivyo. Ndiyo maana ukitoka kwenye muziki mkubwa dunia inasikika kama imefunikwa blanketi, na kesho yake, mara nyingi, usikivu umerudi. Watu hudhani mambo yameishia hapo. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walionyesha kwa panya kwamba kizingiti kinaweza kurudi pale pale huku sehemu kubwa ya viungio kati ya seli hizo na neva imepotea moja kwa moja. Kipimo cha kawaida kinasema mzima; waya zimekatika. Seli zenyewe zikifa, kwetu binadamu hazioti tena. Za kuku huota. Tungekuwa kuku, nisingeandika makala haya.

Sasa wale wauza mafuta ya kitunguu saumu ya "kuzibua usikivu". Tone la mafuta linaishia kwenye kiwambo cha sikio. Seli zilizokufa ziko ng'ambo yake, ndani ya mfupa. Na kama kiwambo kimetoboka, mafuta hayo ni balaa. Ndugu wauzaji, ni seli gani mnayoifufua?

Ushauri, haraka: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, lakini dakika 20 tu kwenye desibeli 100, kwa kuwa kila desibeli 10 huzidisha nishati mara kumi. Mashineni vaa vizibio vya masikio vya kazi, pamba haitoshi. Masikio yakilia kwa siku kadhaa, nenda hospitali.

Mpwa wangu, kwa upande wake, ameongeza mlio: kelele ikizidi, bodi ilie. Spika iko mgongoni mwa bodi hiyohiyo, kwa hiyo sasa inajisikia yenyewe, inalia, inajisikia tena. Mama yake amechomoa betri.