Jermaniamu ya terili ya Lubumbashi inavyohitajika katika vyombo vya anga

LUBUMBASHI – Katika mtaa wa Hewa Bora, moto wa SNEL ukikatika, mwenye paneli za jua juu ya bati anajua la kufanya: taa na simu kwanza, friji itangoja. Wahandisi wanaopanga umeme wa vyombo vya anga vinavyosukumwa kwa nguvu za jua wanapiga hesabu ya namna hiyo. Paneli zao zinahitaji jermaniamu, madini yaliyomo ndani ya terili ya Gécamines, humo humo mjini Lubumbashi.

Jermaniamu hiyo ilikuja pamoja na mawe ya Kipushi, mji ulio umbali wa kilometa 30 hivi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka mingi mabaki yake meusi yalirundikwa hadi yakawa kilima.

Paneli nyingi za nyumbani hugeuza kuwa umeme karibu asilimia 20 ya mwanga wa jua. Zile za angani hufikia karibu asilimia 30, kwa sababu zina tabaka tatu, kila moja ikinasa rangi zake za mwanga. Tabaka hizo hujengwa juu ya kipande chembamba cha jermaniamu.

Mfano ni chombo Dawn cha shirika la Marekani NASA, kilichorushwa Septemba 2007 kwenda Vesta na Ceres. Injini zake zilitumia umeme kurusha nyuma chembe za gesi ya zenoni. Msukumo wake ulikuwa mdogo, sawa na uzito wa karatasi moja mkononi, lakini uliendelea kwa miezi na miaka.

Ugumu ni kwamba mwanga hupungua haraka chombo kinapoliacha jua: umbali ukizidi mara tatu, unabaki mwanga sehemu moja kwa tisa. Paneli za Dawn zilitoa wati zaidi ya 10,000 karibu na Dunia, lakini kule mbali zilitoa wati 1,300 hivi. Kwa hiyo ukubwa wa paneli ulipimwa kwa mahali penye mwanga hafifu. Kompyuta, redio na vipasha joto vilipewa umeme kwanza. Injini ilipata uliobaki, na nguvu yake ilipunguzwa ilingane nao.

China ilipobana uuzaji wa jermaniamu nje kuanzia Agosti 2023, wanunuzi walitafuta kwingine. Mei 2024, Gécamines na kampuni tanzu yake STL zilitangaza mapatano na Umicore ya Ubelgiji, na Oktoba shehena ya kwanza ikasafirishwa.

Hata hivyo, kinachotoka Lubumbashi bado ni malighafi. Kuisafisha na kuikata vipande vya paneli, kazi yenye thamani kubwa zaidi, hufanyika Ubelgiji. Kazi hiyo inadai tanuru zisizozimika. Kuileta Katanga kutahitaji kwanza kitu ambacho wakaaji wa Hewa Bora nao wanakidai: umeme usiokatika.