Miaka Isiyogongwa Muhuri

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, pamoja na Kismayo na visiwa vilivyopangana mbele ya pwani yake. Mpaka mpya ulipita katikati ya Wabajuni, wavuvi wa visiwa na pwani hiyo. Faza, Kizingitini, Ndau na Kiunga vikabaki upande wa Kenya. Koyama, Chovai na Chula vikaangukia upande ambao baadaye uliitwa Somalia. Watu wenyewe hawakuhama. Waliendelea kuoana, kuzikana na kufuata samaki kwa misimu ya kaskazi na kusi. Kwa miongo mingi mvuvi wa Chovai aliweza kushuka hadi Lamu bila mtu kumtaka athibitishe yeye ni nani.

Mambo yaligeuka mwaka 1991. Serikali ya Somalia ya Siad Barre ilipoanguka mwezi Januari, visiwa vilikosa ulinzi. Wabajuni hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwakingia kifua, na wanamgambo wakawapora mashua, nyavu na nyumba. Wengi walijazana katika majahazi wakashuka kusini mpaka Lamu, Malindi na Mombasa. Huko wakapewa jina jipya, wakimbizi, na wengi wakawekwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa.

Tangu hapo maisha yao yamekuwa yakipangwa na mradi mmoja baada ya mwingine, na kila mradi umewahesabu kuwa watu wa kupita. Kambi za pwani zilianzishwa kwa muda, zikafungwa katika miaka ya 1990. Baada ya hapo njia zikawa tatu. Wapo waliorudishwa visiwani kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Wapo walioelekezwa kambi za bara za Dadaab na Kakuma. Na wapo waliobaki kwa jamaa zao mijini, bila karatasi yoyote mpya.

Kwenye makaratasi kila njia ilikuwa na mantiki yake. Kwenye ardhi hali ilikuwa nyingine. Waliorudi walikuta wenye bunduki ni wale wale, au warithi wao; wapiganaji wa Al-Shabaab waliishika Kismayo kuanzia 2008 hadi 2012. Dadaab ni bara kavu, na mtu aliyelelewa kwa mshipi na wavu hana la kufanya huko ila kungoja mgao. Waliobaki Mombasa na Malindi walipata kazi za baharini na sokoni, lakini mwaka 2012 serikali ya Kenya iliagiza wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Mahakama Kuu ililitengua agizo hilo Julai 2013, lakini hofu haikufutwa na hukumu, na mwaka uliofuata misako ya polisi ikarudi mitaani.

Sasa ni zaidi ya miaka thelathini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walishika jembe zamani. Wamelea watoto na wajukuu, wamevuta nyavu, wamelipa kodi za nyumba. Kwa nini basi bado ni wageni?

Jibu limo katika namna sheria inavyohesabu miaka. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inampa ukaazi wa kudumu mtu aliyeshika kibali cha kazi kwa miaka isiyopungua 7, na aliyeishi nchini mfululizo miaka 3 ya mwisho kabla ya kuomba. Katiba inaruhusu uraia kwa aliyeishi Kenya kihalali miaka 7 mfululizo. Kwa mhandisi au mwalimu aliyeingia na mkataba, ngazi hiyo inapandika, kwa kuwa kila mwaka wake umegongwa muhuri. Mvuvi aliyetoka Chovai mwaka 1992 hajawahi kushika kibali cha kazi hata siku moja. Miaka yake thelathini, kwa hesabu hiyo, ni sifuri.

Mlango wa watu wasio na utaifa nao ulimpita. Sheria hiyo hiyo iliwapa nafasi wale waliokuwa wakiishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963. Aliyekuja 1991 amechelewa kwa miaka ishirini na minane.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Aliyezaliwa Mombasa na wazazi kutoka Chovai anaweza kupata cheti cha kuzaliwa, lakini kuzaliwa Kenya peke yake hakumpi mtu uraia wa Kenya. Anasoma shule pamoja na wenzake, anafanya mtihani wa kidato cha nne, kisha njia inakatika. Mkopo wa serikali wa masomo ya chuo unataka kitambulisho. Laini ya simu inataka kitambulisho. Akaunti ya benki, ajira ya bandarini, kote swali ni moja. Jirani yake mwenye asili ya Faza, wa jamii moja naye, anavuka. Yeye anabaki, kwa sababu babu yake alikuwa upande wa pili wa mstari wa 1925.

Waliokwenda mbali zaidi, Uingereza hasa, walikuta ngazi fupi kwa kuitazama. Kuanzia Agosti 30, 2005, aliyekubaliwa kuwa mkimbizi alipewa miaka 5, kisha aliweza kuomba ukaazi wa kudumu. Shida ilikuwa kukubaliwa. Chovai na visiwa vyenzake havikuwa na ofisi ya kutoa vyeti, kwa hiyo Mbajuni alipimwa kwa ulimi wake. Sauti ilirekodiwa na kupelekwa kwa kampuni ya Uswidi iitwayo Sprakab, na wachambuzi wasiotajwa majina wakaamua msemaji ametoka wapi. Wengi waliambiwa kuwa wanasema kama watu wa Kenya. Mtu aliyekulia Jomvu au Malindi atasemaje? Kule kuwekwa kwake katika hali ya muda ndiko kulikombadilisha usemi, kisha usemi huo ukatumika dhidi yake. Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya watu wawili waliojitambulisha kuwa Wasomali, ilionya kuwa ripoti za aina hiyo zisipewe uzito mkubwa kuliko zinavyostahili, na kwamba wachambuzi wabaki ndani ya ujuzi wao. Onyo lilikuwa la haki, ila lilikuja baada ya watu wengi kukwama.

Afrika Mashariki ina mifano ya kazi ya kuwatambua watu kama hawa iliyofanyika vizuri, na ina mafunzo. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, walioishi Kenya bila uraia, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Agizo lilikuwa na tarehe, na maofisa walikwenda walipo watu badala ya kuwangoja ofisini. Desemba 2020 ikatangazwa zamu ya Washona 1,670. Mwaka 2023 ikafika kwa Wapemba wa Kilifi na kwingine pwani, wavuvi waliovuka bahari kama walivyovuka watu wa Chovai.

Tanzania inatoa funzo la upande wa pili. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, lakini vyeti vilifungwa kwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Mikoa haikuwa tayari kuwapokea, wenyewe hawakutaka kuacha mashamba, na mpango ukasimama mwaka 2011. Ni Oktoba 2014 ndipo vyeti vilipoanza kutolewa, na watu wakabaki walipo. Uraia ulikuwa umetolewa. Sharti lililobandikwa juu yake ndilo lililokula miaka minne.

Kwa hiyo Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Kenya Machi 28, 2025 ili kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji, ni hatua njema yenye kasoro kubwa kwa watu wa bahari. Umejengwa juu ya kambi. Mbajuni aliyekimbilia Malindi au Kiunga hayumo kambini, na akilazimishwa kwenda huko ili ahesabiwe, tutarudia kosa la Katumba.

Nafasi ya kurekebisha ipo. Somalia imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki rasmi tangu Machi 2024, na itifaki ya soko la pamoja inatambua haki ya kukaa kwa anayefanya kazi. Somalia yenyewe ilianza kutoa kitambulisho cha taifa Septemba 2023. Serikali ya jimbo la Jubaland ipeleke maofisa wa usajili Chovai, Koyama na Chula kwa mashua, isiwangoje watu Kismayo. Kenya ifungue daftari Lamu, Malindi na Mombasa, iweke tarehe ya mwisho, ikubali ushahidi wa wazee wa Faza na Kizingitini wanaozijua koo hizi, na ihesabu miaka kuanzia siku mtu alipoingia, si siku alipopewa kibali.

Nawe msomaji ambaye wazazi wako walitoka visiwani, usitupe karatasi. Kadi ya mgao ya Jomvu, cheti cha zahanati, ripoti ya shule ya msingi, hati ya ndoa ya kadhi, vyote viweke pamoja, vitolee nakala, na uandike majina ya wazee wanaoweza kukushuhudia wakiwa bado hai. Sheria ikibadilika itauliza ushahidi, na ushahidi huo hakuna ofisi iliyokuhifadhia.