Vinne Katika Elfu Kumi

Makaa ya jikoni, wino wa gazeti hili na mwili wa msomaji mwenyewe vyote vina kaboni, na kaboni hiyo ilifanyika ndani ya nyota. Lakini ilifanyika kwa wingi gani? Jibu limo katika tarakimu moja ndogo, ambayo wanasayansi wamebishana juu yake hadi miaka hii yetu.

Ndani ya nyota, viini viwili vya heliamu hugongana na kuunda kiini kisichodumu; hapana budi kiini cha tatu kikiwahi kabla hakijavunjika. Mwaka 1953 Fred Hoyle, Mwingereza aliyekuwa ziarani California, alidai kwamba kaboni isingepatikana kwa wingi tunaouona ila iwapo kiini chake kina ngazi ya nishati karibu na elektroni-volti milioni 7.7. William Fowler alilipokea dai hilo kwa mashaka. Ward Whaling na wenzake wakapima, na ngazi ikaonekana. Siku hizi huandikwa milioni 7.65.

Kuwapo ni jambo moja, kudumu ni jingine. Igawe sekunde moja mafungu bilioni moja, kisha kila fungu mara milioni mia moja: kiini kilichopanda ngazi hiyo huishi mafungu kama saba. Karibu vyote husambaratika vikarudi kuwa heliamu. Takribani vinne tu katika kila 10,000 hutulia vikawa kaboni, na kwa kawaida hutoa miali miwili ya gama mmoja baada ya mwingine, wa milioni 3.21 na wa milioni 4.44.

Ngazi ya chini, ile ya 4.44, huishi zaidi ya mara 800 ya muda huo, nayo ina saa yake. Kiini kilichogongwa hukimbia ndani ya madini huku kikipunguza mwendo, na nishati ya mwali hubadilika kwa kadiri ya mwendo huo, mithili ya honi ya basi linalokupita. Anayejua madini hayo huzuia mwendo upesi gani aweza kuusoma umri wa kiini katika mwali wake. Ngazi ya juu haina muda wa kupimwa hivyo. Hapo mtaalamu hubaki na kazi ya kuhesabu, na kuhesabu vinne katikati ya elfu kumi si mchezo.

Mwaka 2020 wataalamu waliorusha protoni juu ya kaboni huko Oslo, wakisubiri miali yote miwili kwa pamoja, walitangaza kwamba idadi ni sita na ushei. Ongezeko la nusu nzima! Hesabu za nyota zinazozeeka, na kiasi cha kaboni zinachobakiza kando ya oksijeni, zingelazimika kufanywa upya. Wako waliotaka vitabu vibadilishwe papo hapo. Kwa maoni yetu ilikuwa busara zaidi kupima tena kwa njia nyingine, na ndivyo ilivyofanyika: waliohesabu viini vya kaboni vyenyewe vilivyosalimika, badala ya miali, wamerejea karibu na vinne.